Mama, Ijue Dawa Kinga Kabla ya Kuichagua

Akina mama wengi waliomaliza kisomo wanatuuliza habari za dawa kinga. Wengine wamesikia redioni. Wengine wamesikia kisimani. Maji ya kisimani hufika nyumbani yamepungua, lakini maneno ya kisimani hufika yameongezeka. Mmoja anasema ni chanjo. Mwingine anasema ni dawa ya malaya. Wa tatu anasema ukiitumia hutazaa tena. Basi leo tukae chini tuisome dawa hii polepole, ili kila mama ajue anachokikubali na anachokikataa.

Dawa kinga ni nini?

Dawa kinga ni dawa anayotumia mtu ambaye hana virusi vya UKIMWI, yaani VVU, ili asivipate. Soma tena maneno hayo: mtu ambaye hana VVU. Mtu aliye na VVU hupewa dawa za kufubaza virusi, zile zinazoitwa ARV, nazo ni za kumeza maisha yote. Dawa kinga si ya maisha yote. Mtu huitumia wakati ule ambao maisha yake yana hatari, na hatari ikipita anaweza kuacha.

Dawa kinga si chanjo. Chanjo huufundisha mwili kupigana wenyewe. Dawa kinga hukaa mwilini kama mlinzi wa shamba. Akiwapo, ngedere hawali mahindi. Akiondoka, ngedere wanaingia siku hiyo hiyo. Ndiyo maana dawa isipokuwapo mwilini, hakuna kinga.

Tena dawa hii haizuii mimba, wala kaswende, wala kisonono. Kondomu huzuia yote hayo, na bado ina kazi yake. Lakini tusidanganyane. Kondomu inayojulikana vijijini huvaliwa na mwanaume, na mwanaume akikataa, mazungumzo yameishia hapo. Dawa kinga mama huitumia mwenyewe, katika mwili wake mwenyewe.

Kwa nini tunasema na akina mama?

Mwaka 2022 na 2023 ulifanyika uchunguzi Tanzania nzima, watu wakapimwa nyumba kwa nyumba. Katika kila wanawake 1,000 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, 56 walikuwa na VVU. Katika kila wanaume 1,000, walikuwa 30. Hesabu wenyewe. Wanawake ni karibu mara mbili.

Sababu moja ni maumbile: katika kujamiiana, mwili wa mwanamke hupokea, na virusi hupata nafasi kubwa zaidi ya kuingia. Sababu nyingine ni maisha. Wasichana wengi huolewa na wanaume waliowazidi umri sana. Wake wengi hukaa nyumbani wakati waume wako migodini, kwenye malori, au dago kwa wavuvi, na mume akirudi mke hawezi kumwuliza alilala wapi.

Hapa tuna neno la kusema kwa wenzetu wa maofisini. Mabango yao hutaja "makundi yaliyo katika hatari zaidi". Mama mwenye ndoa yake akisoma maneno hayo husema, "Hawa si mimi," kisha anaendelea na safari yake ya sokoni. Sisi tunaona ingefaa kuuliza tu hivi: Je, unajua hali ya VVU ya mtu unayelala naye, leo, siyo mwaka juzi? Kama hujui, habari hii inakuhusu.

Lakini wako pia akina mama ambao huenda hawahitaji dawa kinga. Tuseme mume ana VVU na inajulikana. Anameza dawa zake kila siku. Kipimo cha damu kimeonyesha kwamba virusi vimefubaa mpaka havionekani. Mtu huyo hamwambukizi mkewe kwa kujamiiana. Jambo hili limethibitishwa kwa utafiti mkubwa. Ila kama mume huyo ameanza dawa juzi tu, au anaziruka, mkewe anahitaji kinga ya kwake.

Tafiti mbili, majibu mawili

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndani yake mna funzo kubwa kuhusu dawa yenyewe.

Huko Kenya na Uganda ulifanyika utafiti wa watu wawili wawili wanaoishi pamoja, mmoja ana VVU na mwingine hana. Walikuwa jozi 4,747. Kundi moja la wale wasio na VVU lilipewa vidonge vya dawa kinga. Kundi jingine lilipewa vidonge visivyo na dawa, ili kulinganisha. Majibu yalitoka mwaka 2011. Katika kundi la vidonge visivyo na dawa, watu 52 walipata VVU. Katika kundi la vidonge vyenye dawa mbili, walipata watu 13. Dawa ilifanya kazi.

Wakati huo huo ulikuwapo utafiti mwingine wa wanawake 2,120 katika nchi za Kenya, Afrika Kusini na Tanzania. Kwetu ulifanyika Arusha. Vidonge vilikuwa vile vile. Lakini katika kundi la dawa, wanawake 33 walipata VVU, na katika kundi lisilo na dawa walipata 35. Hakuna tofauti! Mwezi wa Aprili 2011 utafiti huo ukasimamishwa.

Je, dawa iligeuka kuwa maji? Hapana. Damu ya wale wanawake ilipopimwa, wengi hawakuwa na dawa mwilini. Vidonge walipewa, lakini hawakuvimeza kila siku. Walipoulizwa baadaye, walitoa sababu zao. Wengine waliogopa madhara. Wengine walikatazwa na watu wa karibu. Wengine hawakujiona kuwa katika hatari. Na wengine hawakuwa na hakika kama kidonge walichopewa kina dawa ndani au la.

Tuwalaumu akina mama hao? Sisi hatuwalaumu. Mtu anayeishi na mume aliyekwisha pimwa na kukutwa na VVU anaiona hatari kila siku. Mtu asiyejua lolote juu ya mwenzake, akapewa kopo la vidonge, ni vigumu kulifungua kila usiku kwa sababu ya jambo asiloliona. Kidonge kilichobaki ndani ya kopo hakimkingi mtu. Kwa sababu hiyo wataalamu walitafuta njia nyingine, na leo njia ni zaidi ya moja.

Vidonge

Katika zahanati zetu, kama dawa kinga ipo, mara nyingi ni vidonge. Mama humeza kidonge kimoja kila siku, kabla au baada ya chakula, vyovyote. Chagua saa ambayo hutasahau, kwa mfano ukishafunga kuku bandani. Ukisahau, meza mara utakapokumbuka, kisha endelea kama kawaida.

Kwa mwanamke, vidonge vinahitaji angalau siku 7 za kumeza bila kuruka ndipo vimkinge. Hapa wengi hukosea. Wako watu wanaosema unaweza kumeza vidonge siku za tendo tu, viwili kabla, kimoja kesho yake na kimoja keshokutwa. Njia hiyo ipo, lakini ni ya wanaume. Katika uke, dawa huchelewa kujaa. Mama asiifuate.

Madhara yake? Majuma ya kwanza baadhi ya watu husikia kichefuchefu, kichwa kuuma au tumbo kuvurugika. Kwa wengi hali hiyo hupita. Mwenye ugonjwa wa figo, kisukari au presha aseme mapema, kwa sababu dawa hii hupitia kwenye figo. Mwenye homa ya ini ya aina B aseme pia, na asije akaacha vidonge bila kumwona mhudumu.

Na lile la kutozaa? Si kweli. Dawa hii haiondoi uzazi. Mama mjamzito na mama anayenyonyesha wanaruhusiwa kuimeza. Tena hao tungependa wasikilize zaidi, kwa sababu mama akipata VVU wakati ana mimba au ananyonyesha, virusi huwa vingi sana mwilini mwake siku za mwanzo, na mtoto yuko karibu mno.

Pete

Pete hii si ya kidoleni. Ni ya mpira laini, na mama huiingiza mwenyewe ukeni. Inakaa siku 28, kisha anaitoa na kuweka nyingine. Inatoa dawa kidogo kidogo hapo hapo. Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2021. Uzuri wake ni kwamba hakuna wa kuona kopo wala kidonge. Upungufu wake ni kwamba kinga yake ni ndogo: katika tafiti zilizotolewa mwaka 2016 ilipunguza maambukizi kwa karibu theluthi moja tu. Mama anayeweza vidonge au sindano atapata kinga kubwa zaidi. Asiyeweza hizo, theluthi moja si sawa na bure.

Sindano za aina mbili

Sindano ya kwanza huitwa kabotegraviri. Huchomwa takoni. Mbili za mwanzo hupishana mwezi mmoja, halafu moja kila baada ya miezi 2. Ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 3,000 katika nchi 7 za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Malawi. Wanawake 36 waliopewa vidonge walipata VVU. Kwa waliochomwa sindano, walipata 4 tu.

Sindano ya pili huitwa lenakapaviri, nayo huchomwa mara mbili tu kwa mwaka, kila baada ya miezi 6. Huchomwa chini ya ngozi ya tumbo. Siku ya kwanza na ya pili mama humeza vidonge vichache pamoja nayo. Mahali palipochomwa panaweza kubaki kinundu kigumu kama punje ya harage chini ya ngozi. Kisipovimba wala kuuma sana, si ugonjwa. Utafiti wake ulifanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake vijana, na majibu yakatoka mwaka 2024. Kati ya wanawake 2,134 waliochomwa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyepata VVU. Hata mmoja!

Mwezi wa Julai 2025 Shirika la Afya Duniani liliikubali. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo shehena za kwanza zilifika Eswatini na Zambia. Kwa hiyo ukisikia habari zake, usishangae kama katika zahanati yenu bado haijafika. Uliza.

Sindano zina mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, mtu anayemeza dawa za kifua kikuu au dawa za kifafa lazima aseme. Baadhi ya dawa hizo huila nguvu ya sindano, na wewe utadhani umekingwa kumbe hapana. Pili, sindano huisha mwilini polepole sana. Ukiacha kurudi kwa tarehe yako, hubaki dawa kidogo isiyotosha kukukinga. Ukipata VVU wakati huo, virusi vinaweza kuzoea dawa na kuwa sugu. Ukitaka kuacha sindano na hatari bado ipo, hamia vidonge kwanza.

Kupima kwanza

Kila njia tuliyoitaja huanza na kupima VVU, na kupima huendelea mara kwa mara, kwa vidonge kila baada ya miezi 3. Wengine huona ni usumbufu. Lakini dawa kinga pekee haitoshi kumtibu mwenye VVU. Akiitumia bila kujua, virusi vyake vinaweza kuwa sugu, na matibabu yakawa magumu. Akikutwa navyo, ataanzishiwa ARV, na ni heri kujua leo.

Mama na nesi

Tuseme mama mmoja amefika zahanati. Mumewe ni mvuvi, hukaa dago miezi mitatu, anarudi nyumbani majuma mawili. Mazungumzo mazuri yangekuwa hivi:

— Shikamoo nesi.
— Marahaba mwanangu, karibu. Habari za nyumbani?
— Njema. Nimekuja kwa ile dawa ya kukinga.
— Umefanya vizuri. Unanyonyesha?
— Ndiyo, mtoto ana miezi saba. Haitamdhuru?
— Vidonge havimdhuru. Una shida ya figo, au unameza dawa nyingine yoyote?
— Hapana. Lakini nesi, lile kopo linalia kama kayamba. Mama mkwe akilisikia atasema nina UKIMWI.
— Ni kweli linalia. Weka pamba ndani, litanyamaza. Kile kifuko kidogo kilichomo usikitupe, kinanyonya unyevu. Na usiliweke juani wala karibu na moto.
— Na sindano je?
— Hapa bado hatuna. Nikipata habari kwamba imefika karibu, nitakuambia siku ya kupima mtoto uzito.
— Wewe nesi ungekuwa mimi, ungechukua ipi?
— Mwanangu, mimi nalala nyumba nyingine. Nitakueleza kila moja, lakini wewe ndiye unayeijua nyumba yako. Mumeo anarudi lini?
— Mwisho wa mwezi.
— Leo ni tarehe 9. Ukianza leo, siku 7 zitapita kabla hajarudi. Ukitaka kwenda kufikiri, nenda, ila usifikiri mpaka tarehe 28.

Tazama nesi huyu alivyofanya. Hakusema, "Chukua hii, nenda." Alieleza, akajibu, akahesabu siku pamoja naye. Ukikutana na mhudumu anayekuandikia bila kukueleza, una haki ya kusema, "Naomba unieleze tena." Na ukisikiliza yote ukaona hutaki, una haki ya kusema hapana, na kurudi siku nyingine bila kugombezwa.

Mhudumu pia hana ruhusa ya kutangaza habari zako. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inamtaka atunze siri ya majibu yako ya VVU. Kama zahanati yenu ina mhudumu mwenye mdomo mrefu, na zipo zahanati za namna hiyo, unaweza kwenda kituo kingine.

Je, umwambie mume?

Hili hatuwezi kulijibu kwa wote. Ziko nyumba ambazo mke akisema, mume mwenyewe atakwenda kupima, na pengine atamkumbusha mkewe kumeza. Ziko nyumba ambazo neno hilo litaleta kipigo. Dawa hutolewa bila saini ya mume. Kama unaogopa, mwambie nesi hivyo hivyo, naye akusaidie kupanga mahali pa kuiweka na njia isiyoonekana. Na akina baba mnaosoma habari hii, mkikuta kopo, ulizeni kwanza kabla ya kuinua mkono. Mke anayejikinga analinda pia watoto mtakaozaa.

Kabla hujafunga safari ya zahanati, ulizia kama dawa ipo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na huduma za dawa kinga katika nchi nyingi za Afrika zikaguswa. Kwa hiyo uliza mambo mawili: leo ipo? Na mwezi ujao nitaipata wapi ikiisha hapa? Kama unataka kuacha, usiache ghafla siku moja baada ya kujamiiana. Nesi atakuambia uendelee kumeza kwa siku ngapi.

Kama hatari imekwisha tokea

Yote tuliyoeleza ni ya kutumia kabla ya hatari. Lakini kuna mama aliyebakwa, au kondomu imepasuka, au amegundua jana kwamba mwenzake ana VVU. Huyo asianze dawa kinga peke yake. Iko dawa nyingine ya dharura, ambayo humezwa kwa siku 28. Ni lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu, na ikianzwa saa za mwanzo ni bora zaidi. Jambo likitokea Ijumaa saa 3 usiku, saa 72 zinaisha Jumatatu saa 3 usiku, na zahanati nyingi hufungwa jioni. Nenda Jumamosi asubuhi, au usiku huo huo kama kituo cha afya au hospitali iko karibu, na umwambie mhudumu saa ngapi jambo lilitokea.